Ubongo wa Mama Uko Sawa

Mapema mwaka wa 2025 familia yetu ilichanga shilingi 18,000 kwa Mpesa ili mama apigwe MRI ya kichwa. Kwa mzee anayepokea hela ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, hiyo ni miezi tisa bila kununua hata kiberiti. Tulichanga. Ripoti ikaja na sentensi chache za Kiingereza. Ndugu yangu mkubwa, anayeishi Kawangware, alizisoma kwa simu, spika ikiwa wazi, sisi wengine tukiwa tumejibana ndani ya chumba cha mama huku Silanga. Kisha akatufupishia: "Kichwa iko sawa. Mathee hana kitu."

Watu walishukuru Mungu. Mjomba akasema tusimame tuombe. Mama alikuwa pale pale kitandani, akisikia yote, na hakufungua mdomo. Usiku, nilipokuwa nampa uji ambao hakuutaka, aliniambia, "Kama kichwa hakina ugonjwa, basi ubaya ni mimi."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Leo nataka kugombana, na wa kwanza kugombana naye ni mimi mwenyewe, kwa sababu kati ya zile 18,000, elfu sita zilitoka kwangu.

Mama ana miaka 71. Aliingia Kibera akiwa msichana wa kuolewa na tangu siku hiyo hajahama Silanga. Mvua za Aprili 2024 zilipofurisha mto, alikuwa akiishi kule chini karibu na bwawa la Nairobi. Maji yalichukua godoro, jiko, na kibanda chake cha omena. Wanawake saba wa chama chake walitawanyika: wengine Mukuru, wengine wakarudi mashambani. Sisi tukampata chumba huku juu, pakavu, tukadhani tumemaliza. Ilipofika Desemba alikuwa hatoki nje. Anaamka saa tisa usiku na kukaa tu gizani. Anaweka sufuria motoni na kusahau alitaka kupika nini. Ukimwuliza anaumwa wapi, anasema, "Mwili mzima. Ni mawazo tu."

Mawazo. Mtaani tunalo neno hilo moja kwa mambo mengi, kuanzia deni la kodi hadi ugonjwa wa kweli. Watanzania huuita ugonjwa huo sonona, nami nitaazima neno lao. Familia haikuwa na haja ya neno. Shangazi alisema ni uzee. Jirani akasema kuna mtu. Ndugu yangu akaja na fikra iliyoonekana ya kisasa kuliko zote: "Apigwe picha ya kichwa tujue." Nilimuunga mkono mara moja. Nilijiona msomi.

Hapo ndipo kosa letu lilipo, na sidhani ni la familia yetu peke yetu. Tumefika mahali ambapo huzuni ya mzee haiaminiki mpaka ionekane kwenye filamu. Kijana akilia tunamwuliza kulikoni. Mzee akinyamaza tunatafuta mashine. Picha ikirudi safi, tunaigeuza hukumu: hana kitu, anajipea, anataka kubembelezwa.

Nisieleweke vibaya. Mzee mdomo ukimpinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakimpotea kwa siku moja, apelekwe mbio, na picha ni lazima. MRI na CT skani huonyesha kiharusi, uvimbe, damu iliyovuja. Maswali hayo mashine huyajibu vizuri, na ripoti ya mama iliyajibu: hakuna uvimbe, hakuna kiharusi kikubwa. Sisi tukaichukua kana kwamba imejibu swali lingine kabisa, kama mama anaumwa au haumwi. Swali hilo hakuna MRI yoyote duniani leo inayoweza kulijibu kwa mtu mmoja.

Nimesoma sana tangu usiku ule wa uji, nami niseme nilichokielewa kwa lugha ya kawaida. MRI ni sumaku kubwa inayotumia maji yaliyo mwilini kuchora picha ya ndani. Haina mionzi. Kuna aina yake inayofuatilia damu yenye oksijeni ubongo unapofanya kazi, na ndiyo inayotoa zile picha zenye rangi nyekundu na njano tunazoziona kwenye habari. Rangi hizo hazimo kichwani mwa mtu. Ni hesabu ya takwimu iliyopakwa rangi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya salmoni, mfu, ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu, wakafanya hesabu bila kuisahihisha inavyotakiwa. Ubongo wa samaki mfu ukaonyesha kwamba unafanya kazi. Walifanya hivyo makusudi, kuwaonya wenzao. Mama ameuza samaki waliokauka nusu ya maisha yake, na hadithi hii ndiyo ya kwanza iliyomfanya atabasamu mwaka ule.

Kuhusu sonona yenyewe, mwaka 2022 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 1,800, wagonjwa na wasio wagonjwa. Walilinganisha umbo la ubongo na namna unavyofanya kazi, kipimo kimoja baada ya kingine. Ukitumia kipimo kimoja kati ya hivyo kubahatisha nani mgonjwa, utapata kati ya asilimia 54 na 56. Kurusha sarafu kunakupa 50. Mwaka huo huo utafiti mwingine mkubwa ulionyesha kwamba ili kuunganisha picha za ubongo na tabia za watu kwa uhakika, unahitaji maelfu ya watu. Sisi tulikuwa na mtu mmoja, bahasha moja na ndugu mwenye spika.

Je, wanasayansi wanapoteza wakati? Hapana. Wapo wanaofanya kazi ninayoiheshimu, hasa kwa wazee. Huko Pittsburgh, Howard Aizenstein na wenzake wamekuwa wakiwapiga picha wazee wenye sonona kabla ya kuanza dawa na baada ya kuanza, wakitafuta dalili za nani atapona na nani hatapona kwa dawa ile. Maana yake ni kubwa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na wazee wengi dawa ya kwanza haiwafai, wanabadilishiwa, wanangoja tena. Kwa mtu wa miaka 71, miezi ya kungoja si kitu kidogo. Ikipatikana njia ya kujua mapema, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini kazi hiyo inahusu wastani wa kikundi, na bado iko maabara. Haijawa cheti cha kumpa mama wa mtu.

Na kuna jambo moja ambalo picha zimetufundisha kweli, nalo ndilo tulilolipuuza. Mwaka 1997 madaktari nchini Marekani, akiwemo George Alexopoulos, walitoa hoja kwamba sehemu ya sonona inayoanza uzeeni inatokana na mishipa midogo ya damu kuharibika ndani ya ubongo. Kwenye MRI uharibifu huo huonekana kama madoadoa meupe. Wazee wengi wanayo, hata wasio na huzuni, kwa hiyo doa peke yake halithibitishi ugonjwa. Lakini wale wenye sonona ya namna hii mara nyingi huwa wazito wa kupanga mambo, wanashindwa kuanza kazi waliyoizoea, na dawa za kawaida huwachelewea. Moja ya mambo yanayoharibu mishipa hiyo ni presha ya damu isiyotibiwa.

Nilipofika hapo nilienda kuitoa ripoti ya mama. Sentensi ya nne, ambayo ndugu yangu aliiruka, ilisema kuna madoadoa madogo meupe, ya kawaida kwa umri wake. Ya kawaida kwa umri wake! Hakuna kati yetu aliyewahi kumpima presha. Tulikuwa na elfu kumi na nane za sumaku, hatukuwa na dakika tano za kumfunga kile kitambaa mkononi.

Kwa nini basi tunauamini ubongo kuliko mwenye ubongo? Nadhani tulirithi, na urithi huu una anwani yake hapa hapa Nairobi. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa wadhifa ule hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, kwamba sehemu hiyo kwetu hailazwi kazi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Humo na katika maandishi yake mengine alidai sonona ni nadra kwetu, kwa kuwa hatuna ule uzito wa kujilaumu na kuwajibika unaomwangusha Mzungu. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali mwaka 1961, naye Fanon alikuwa daktari wa akili, alijua anachokijibu.

Angalieni alivyofanya. Carothers hakuwa na picha ya ubongo wa mtu yeyote. Aliwaona wale waliofikishwa Mathari, wengi wakiletwa kwa sababu wamewasumbua watu au wamevunja sheria. Mwanamke anayekaa gizani saa tisa usiku bila kumsumbua mtu hakuletwa Mathari, basi kwa Carothers hakuwepo. Akatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye ubongo, na ubongo ukatoa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Mama yangu alizaliwa wakati kitabu kile kikiwa kipya. Miaka sabini baadaye, watoto wake, weusi kama yeye, tukachanga pesa ili ubongo wake utoe ushahidi ule ule: hana sonona.

Na ni nini kilichoangusha madai ya Carothers? Haikuwa mashine. Watu walienda vijijini wakauliza. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, ambako wanawake walihojiwa kwa utaratibu ule ule uliotumika kuwahoji wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Sonona ilikutwa Uganda zaidi kuliko London. Ugonjwa ulioambiwa haupo ulikuwepo, tena kwa wingi, kwa yeyote aliyekaa chini na kusikiliza.

Rafiki yangu mmoja anayesomea udaktari alisoma makala haya kabla hayajakamilika, akanikasirikia. "Kwa hivyo wewe unataka wazee wetu wabaki nje?" akaniuliza. "Hizo dawa na hizo mbinu zitapimwa kwa vichwa vya Wazungu, halafu sisi tuletewe tu. Unaongea ni kama maskini hafai sayansi, anafaa unga." Ana haki, na hoja yake ndiyo iliyonipa shida kuliko zote. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliripoti kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Anayesema "hawa wapeni chakula kwanza, mambo ya ubongo baadaye" anarudia dharau ile ile ya Mathari kwa sauti ya upole.

Basi waingie. Wazee wa Silanga, wa Kawangware, wa Mathare waingie kwenye mashine, tena leo zipo ndogo za sumaku dhaifu, zinazosukumwa kwa magurudumu na kuchomekwa kwenye umeme wa kawaida ukutani. Lakini waingie kwa masharti yao. Mzee atibiwe sonona yake, picha ionyeshe nini ionyeshe. Aelezwe kwa lugha anayoisikia kwamba picha yake ni tone ndani ya hesabu ya watu wengi, haiwezi kusema kama anaumia au la. Na kila kitu kitakachoonekana, hata kile cha kawaida kwa umri wake, arudishiwe na afuatwe nacho hadi kwenye dawa ya presha. Mtafiti asiyeweza hayo abaki na sumaku yake.

Wakati tunawangoja, kuna kazi isiyohitaji sumaku. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wale tunaowaita CHP, na mikoba yao ina mashine ya kupima presha. Ni mmoja wao aliyebisha kwa mama, mama wa makamo anayekaa nyumba ya sita kutoka kwetu. Alimfunga kitambaa mkononi: 178 kwa 102. Akamshika mkono hadi kliniki siku ile ile.

Kule muuguzi alimpa dawa ya presha, kisha akavuta kiti. "Mama, nitakuuliza vitu tisa, za hizi wiki mbili zimepita. Ukichoka tunapumzika." Usingizi. Chakula. Kama vitu alivyovipenda bado vinampendeza. Kama anajiona ameiangusha familia. Mama alijibu moja moja, polepole, kama mtu anayehesabu chenji. Swali la tisa linahusu kutamani kufa. Mama akaangalia mlango kwanza.

Namwelewa. Maisha yake yote amejua kwamba nchini hapa kujaribu kujiua ni kesi ya polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwepo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kinakwenda kinyume na Katiba. Ni wazee wangapi wamelijibu swali la tisa kwa uongo kwa sababu hiyo, hakuna mashine itakayotuambia. Muuguzi alingoja. Mama akasema ndiyo, siku nyingi.

Tulikuwa na bahasha ndani ya nyumba iliyosema ubongo uko sawa, na tulikuwa na mama aliyetamani kufa siku nyingi. Niambieni tulistahili kuamini kipi.

Alipewa dawa, akapangiwa kuonwa kila baada ya wiki mbili. Muuguzi akatuambia pia tumrudishie watu wake. Hili nalo si maneno ya kufariji tu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, ambako watu wenye sonona walikaa kwa vikundi wiki 16 wakizungumza, na wakapata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Mwaka 2016 Harare ilionyesha jambo kama hilo, watu 573 wakihusika, na waliokuwa wakiketi kwenye benchi na wagonjwa ni wahudumu wa jamii wanaoitwa huko nyanya. Tafiti hizo zilikuwa za watu wazima wa kila rika, na wazee wanahitaji zao, wenye presha zao na usahaulifu wao. Lakini zimetosha kutuonyesha pa kuanzia. Tuliwatafuta wanawake wa chama. Wawili wako Mukuru. Kila Jumanne wanapanda matatu kuja Silanga, nauli tunatuma sisi, kwa Mpesa ile ile.

Mama hajapona kabisa. Anauza omena siku mbili kwa wiki. Bado kuna usiku anakaa gizani, sasa huniamsha. Ndugu yangu anasema ni dawa ya presha iliyomsaidia, si hayo maneno mengine, na sibishani naye tena kwa simu.

Nabishana na wewe unayesoma. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo wako kitakapoanza kuchangia picha ya kichwa cha mzee, uliza kama kuna aliyempima presha mwezi huu. Uliza kama kuna aliyeketi naye akamwuliza analalaje, anakula nini, anajionaje, na kama anatamani kuendelea kuishi. Uliza nani atakuwepo kumweleza picha ikirudi safi, kwamba safi haimaanishi ameongopa. Kama hakuna aliyefanya hayo, anza wewe, na pesa utume baadaye.

Wiki iliyopita mama aliniomba nimtolee ile bahasha. Alitaka kusomewa yote, kwa Kiswahili, hata ile sehemu tuliyoiruka. Nikamsomea sentensi ya nne, nikamweleza madoadoa ni nini, na kwamba hata wazee wasio na mawazo huwa nayo. Aliishika filamu, akaielekeza dirishani kwenye mwanga, akatafuta kwa kidole.

"Kumbe kulikuwa na kitu," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba angekuwa mgonjwa hata kama karatasi ingekuwa nyeupe. Nimemwambia mara nyingi. Alikuwa bado anatafuta kwa kidole, nikamsogezea kiti akae.